Nilipoandika Majani

Tarehe tisa Mei 1993, Jumapili asubuhi, shangazi yangu alifariki kwake Kilema. Alikuwa dada pekee wa baba yangu. Mtoto wake wa kiume alikuwa Dar es Salaam, na hakujua hata kwamba mama yake anaumwa.

Wakati huo nilikuwa karani wa mizigo mjini Moshi, kwa mtu mmoja aliyenunua malori mawili biashara ilipofunguliwa. Kazi yangu ilikuwa kupanga madaraja. Mzigo ukifika naupima uzito na urefu, nauliza kama unavunjika au unaoza, kisha natazama karatasi iliyobandikwa ukutani. Daraja la kwanza lilikuwa barua na nyaraka. Hizo zilikaa mbele na dereva, zikaondoka siku hiyohiyo. La pili, bidhaa za madukani. La tatu, majani na vitu vyepesi vinavyojaza nafasi, na hivyo vilisubiri mpaka lori lipate pengo. Niliishia darasa la saba, lakini karatasi ile niliikariri yote, nikaona nimekuwa mtu.

Siku kumi kabla ya kufa, shangazi aliteremka mwenyewe mjini, kifua kikimbana. Akaweka mezani kifurushi kirefu kilichofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Ncha za kijani zilichomoza, nikazitambua. Ilikuwa isale. Kwetu Uchaggani ukimpelekea mtu isale unamwomba msamaha, naye hawezi kukataa. Miaka mitatu nyuma binamu yangu, huyo mwanawe wa Dar, aling'oa kahawa ya marehemu baba yake ili apande nyanya. Shangazi akamfukuza, akamwambia asikanyage tena kihamba kile, shamba la ukoo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Kiende leo. Nataka nimwone."

Mchukuzi wetu akakiinua kifurushi juu. "Mama, kwani ng'ombe wa Dar wamekosa majani?"

Wateja wakacheka. Tajiri wangu, ambaye hakuwa mtu wa mlimani, akainua kichwa. "Ni nini hicho?"

Nilipaswa kusema ni barua. Maana ndivyo ilivyokuwa, na mstari wake ulikuwa juu kabisa ya karatasi. Lakini ningelazimika kueleza mambo ya kwetu mbele ya wale watu, na niliona aibu. Nikacheka nao. Nikapima: nusu kilo, futi tatu. Nikaandika: majani mabichi, daraja la tatu.

Shangazi hakujua kusoma. Aliipokea risiti kwa mikono miwili, akasema, "Mungu akuzidishie, baba."

Wiki ile malori yalijaa vitunguu vya Kahe. Kifurushi kikabaki stoo. Siku ya tano jirani wa shangazi alipita ofisini.

"Ameshindwa kutoka kitandani," akasema. "Kila gari likipiga honi barabarani anataka ainuliwe atazame. Kile kifurushi kimeondoka?"

"Kimeondoka," nikamjibu.

Nilikusudia kukiondosha jioni ile. Dereva akasema mbele kumejaa, nami sikubishana naye. Kesho yake sikumwambia tena.

Habari ya msiba ilipelekwa kwa simu, ikamfikia binamu yangu siku hiyohiyo. Alifika akamzika mama yake. Watu walipoanza kutawanyika nilimwita nyuma ya nyumba, nikampa kifurushi. Majani yalikuwa yameanza kugeuka manjano. Nilimweleza yote, hata lile la jirani.

Akakishika muda mrefu bila kukifungua.

"Uliandika nini?"

"Majani."

"Na ulijua ni nini."

"Nilijua."

Nilingoja anipige. Ningeshukuru. Yeye akatazama kule uwanjani, akasema, "Viti vya kanisa vinatakiwa kurudi kabla ya giza. Kabebe."

Nikaenda nikabeba viti, viwili viwili, mpaka vikaisha.