Jumapili Tuliyotafuta pa Kutua

Wiki iliyopita niliitwa kwenye usaili Nduguti. Usaili wenyewe ulikuwa Alhamisi asubuhi, mimi nikafika Jumatano mchana. Usiniulize kwa nini, unanijua. Nilikuwa nimeshaliwaza basi limepasuka gurudumu, nimeshamwaza dereva anaumwa, nimeviwaza hata vyeti vyangu vimelowa ndani ya bahasha, na nikaona heri nikeshe gesti kuliko kukesha kwenye mawazo. Kwa hiyo nikajikuta na mchana mzima mkononi, nikizunguka katikati ya majengo mapya ya serikali, na kila nikikaa mahali, miguu inataka kusimama.

Nikamwuliza kijana wa bodaboda kama anakijua kiwanja cha ndege cha zamani.

"Kiwanja cha ndege, hapa?" Akacheka. "Dada, hicho umekuja nacho kichwani."

Mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga ndiye aliyetuelekeza. Tulipofika niliona mawe ya mipaka, nguzo za umeme, nyumba moja iliyoishia kwenye lenta bila paa, na alizeti zimesimama zimeinamisha vichwa. Nikashuka, nikasimama pale kama mtu aliyepoteza kitu. Mahali hapo nilipaona mara moja tu katika maisha yangu, nikiwa darasa la nne, na nilipaona kutoka juu. Ardhi yake sikuwahi kuikanyaga.

Enzi hizo tulikaa Singida mjini, nyumba yenye uwanja mkubwa nyuma. Baba alikuwa na mashine ya kukamua alizeti. Nguo zetu, daftari zetu, hata mikate ya chai, vyote vilinukia mafuta mabichi na mashudu. Asubuhi mashine ikianza kunguruma, kuku walikimbia kwanza, halafu mimi. Kila siku nilihisi leo ndiyo itapasuka. Dada yangu mkubwa aliniita Mwenyekiti wa Wasiwasi, na jina hilo lilienea hadi kwa mwalimu wa hesabu.

Chumba cha uani alipanga rubani. Alikuwa akirusha ndege ndogo ya wataalamu waliokuja kutafuta madini, ndege ya watu wachache, yenye pangaboi moja mbele. Mwaka huo malaria ilimlaza vibaya, mama akamwuguza kwa uji wa ulezi na maneno makali, mpaka akainuka. Wataalamu walipomaliza kazi yao, rubani akapata ruhusa ya Jumapili moja kabla ya kuirudisha ndege. Alikuja jikoni, akasimama mlangoni kama mtu anayeomba moto.

"Mama, nataka niwapeleke mahali. Asubuhi twende, jioni turudi. Ila chagueni mahali pamoja tu, kiwanja kimoja."

Rafiki yangu, nyumba yetu haikulala tena.

Baba alitaka Nduguti kwa kaka yake mkubwa. Baba mkubwa ndiye aliyebaki kuwa kichwa cha ukoo, na baba alisema huwezi kupita hewani kwenda kwa wakwe kabla hujapiga hodi kwenu. Mama alitaka Mitundu kwa mama yake. Hakupandisha sauti. Alisema tu, akiwa anachambua mchele, kwamba presha ya macho imemla bibi jicho moja na sasa inalila la pili, na daktari amesema linaloondoka halirudi. Bibi alikuwa ameagiza maneno kwa mfanyabiashara wa asali: "Waambieni niwaone wajukuu kabla giza halijafunga mlango." Masika yalikuwa yameikata barabara ya kwenda kwake kupitia Itigi. Malori yalikuwa yakilala kwenye matope huko vichakani, na mtu akitoka Itigi aliapa kutorudi tena.

Mimi nilipendekeza Issuna.

"Issuna kuna nani?" baba akauliza.

"Hakuna mtu. Ila ndege ikiharibika tunapanda basi tunarudi."

Dada alicheka mpaka akashika ukuta. "Ndege ya kwenda Issuna! Si ukodi baiskeli?" Rubani naye alicheka, akasema Issuna hakuna kiwanja. Nikaona aibu, lakini moyoni nikaendelea kuamini kwamba mimi ndiye peke yangu niliyefikiria jambo hili vizuri.

Rubani hakuegemea upande wowote. Alichosema ni kwamba kiwanja cha shamba hakiulizwi kama kipo, kinaulizwa kikoje. "Wasiniambie kuzuri. Kila mtu husema kuzuri. Waulizeni hivi: mtu akipita na pikipiki mbio, kutoka mwanzo hadi mwisho, amebeba trei ya mayai, yatafika mazima?"

Basi baba akampigia kaka yake, simu imewekwa mezani, sisi tumeizunguka kama sinia.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba, marahaba! Mnafika lini?"

"Nauliza kwanza kiwanja, kaka. Mayai yatafika mazima?"

"Mayai ya nini tena? Kuku wamejaa hapa. Mbuzi nimeshamtenga. Njooni!"

"Kiwanja, kaka. Ng'ombe hawapiti?"

"Ng'ombe wana wachungaji, bwana. Kuzuri kabisa. Karibuni!"

Rubani alikuna kidevu.

Kumpata bibi kulihitaji subira. Kwao mtandao ulipatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya nyumba, na ilibidi jirani apande na simu huku bibi akimshika bega. Mama alimwamkia kwa lugha ya kwao, akacheka, akalia kidogo, kisha akageukia Kiswahili ili rubani asikie, akauliza swali la mayai. Halafu bibi akasema, "Nipeni mpaka kesho."

Kesho yake alipiga yeye.

"Nimekitembea chote, kwa miguu yangu, viatu nimevua. Huku mwanzo kugumu. Katikati matope yanammeza mtu mguu. Msije."

"Mama, jua likiwaka siku hizi mbili..."

"Nimesema msije."

Simu ikakatika. Sijui aliikata au ilijikata. Mlenda ulikuwa ukiungua jikoni na hakuna aliyeinuka.

Ili unielewe lazima ukumbuke ulikolelewa. Kwetu mgeni hazuiwi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa tukiwa bado tunatambaa. Unga ukiwa umekwisha unasema karibu, halafu unatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuazima. Nyumba ikiwa na msiba unasema karibu. Sijawahi kusikia mtu mzima akimwambia mgeni usije, achilia mbali mama kumwambia mwanawe. Mama alikaa kwenye kigoda, kanga imemtoka kichwani.

"Hata mchawi haambiwi hivyo," alisema. "Kuna nini kwake anachonificha?"

"Labda hana cha kutupa," dada akasema.

"Nimemwomba cha kunipa?"

Rubani alijaribu. "Mama, kati ya hao wawili mliowapigia, huyu ndiye pekee aliyejibu swali langu." Lakini mama alikuwa mbali. Na mimi nilianza yangu: labda bibi ametukasirikia, labda macho yameshakufa anaona haya, labda si bibi, ni mtu anaigiza sauti yake. Nililibeba hilo la mwisho kwa siku kadhaa bila kumwambia mtu.

Hivyo Nduguti ikashinda, kwa kuwa ndiko tulikokaribishwa.

Jumapili tuliondoka na dumu la mafuta, sukari, na kitenge cha mke wa baba mkubwa. Ndani ya ndege kulinuka petroli na kapeti iliyopigwa jua. Mlango ulifungwa kwa komeo dogo kama la kabati la vyombo, nami nikalishika komeo hilo safari nzima. Tuliporuka, maziwa mawili ya mjini yakalala chini kama vioo vya kinyozi, na yale mawe makubwa tuliyozoea kuyaita milima yakawa mbaazi zilizomwagika. Dada alipiga kelele za furaha. Mama alitazama mbele tu, mkoba mapajani, kama yuko kwenye foleni ya hospitali.

Halafu tukaiona Nduguti, na tukawaona watu. Walikuwa wengi, wamevaa nguo za Idi, wanapunga kanga. Baba mkubwa alisimama mbele yao na kanzu nyeupe, mikono yote miwili juu, anatuita. Moshi wa nyama ulikuwa ukipanda. Nyuma yao, mahali ambapo tulitakiwa kutua, ng'ombe walikuwa wamelala wanacheua, na kuanzia katikati kwenda mbele kiwanja chote kilichobaki kilikuwa cha manjano.

"Zile ni nini?" rubani aliuliza, ingawa aliona.

"Alizeti," baba akajibu kwa sauti ndogo. Yeye zaidi ya wote alizijua alizeti.

Rubani alishuka chini kabisa, mpaka nikaona pembe na mikia. Ng'ombe wakatimka, wachungaji wakakimbia nyuma yao, watu wakashangilia wakidhani ndiyo tunatua. Tukapanda tena. Tulipogeuka, ng'ombe walikuwa wanarudi.

"Hapa sishuki," rubani akasema.

"Wameshachinja," baba akasema.

"Mzee, mbuzi ameshakufa. Sisi bado."

Dada alicheka, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja. Tukazunguka mara nyingine. Baba mkubwa bado alikuwa ameinua mikono, lakini sasa aliishusha polepole, akabaki amesimama. Sidhani kama alidanganya. Miaka yote ile hakuna ndege iliyokuja, watu wakalima palipo wazi kama wakulima wote. Na alipoulizwa kukoje, alijibu kama mwenyeji anavyotakiwa kujibu.

Ndipo mama akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu Singida.

"Alikitembea chote," alisema. "Na macho yale." Akamgusa rubani bega. "Mwanangu, Mitundu unafika?"

Rubani alitazama saa zake za kupimia mafuta. "Kupita juu naweza. Kushuka usiniombe."

"Siombi."

Tulirudi njia tuliyojia, tukaiacha Singida upande mmoja, tukaingia juu ya vichaka vya Itigi, vizito, havina mwanzo wala mwisho, na barabara ndani yake kama uzi mwekundu uliokatikakatika. Nilikuwa nimechoka kuogopa. Sijui kama hili limewahi kukutokea, kwamba hofu inaisha yenyewe kama maji kwenye ndoo, unabaki unaangalia tu.

Kiwanja cha Mitundu kilikuwa kizuri kukitazama. Kirefu, kimenyooka, kisafi, hakuna ng'ombe hata mmoja. Na katikati yake maji yalimeta. Rubani alikitazama, akatikisa kichwa, akasema taratibu, "Pale tungepinduka." Hakumwambia mtu, lakini sote tulisikia.

Kisha akainamisha bawa juu ya nyumba ya bibi. Watu walitoka mbio. Bibi alikuwa ameshasimama uani, kanga ya bluu, fimbo mkononi, uso ameuinua. Mama aligandisha kiganja kwenye kioo. Akaita, "Mama! Mama!" kana kwamba kelele ya injini ni kitu kidogo. Tuliona uso wa bibi wazi kabisa. Lakini uso ule ulikuwa umegeukia upande mwingine wa mbingu, upande ambako hatukuwapo, na tulipozunguka ulibaki pale pale.

Tukarudi nyumbani. Hakuna aliyekula.

Barabara ilipokauka, baba aliazima lori la rafiki yake, tukaenda sote. Bibi alitupokea kwa asali na viazi vya kuchemsha. Alipofika kwangu, aliweka fimbo chini, akanishika uso kwa vidole vyake vigumu, akaanza na paji, akashuka kwenye nyusi, akarudi tena kwenye paji. "Huyu anawaza sana," akasema, na dada hakucheka.

Jioni mama akamwuliza kama siku ile aliisikia ndege.

"Niliisikia. Ikaja chini, chini, mpaka bati likatetemeka. Nikawa naiomba, usinyamaze, usinyamaze. Mlio ukiendelea najua wanangu wazima."

"Lakini ulitaka kutuona, mama."

"Nilitaka."

Hakuongeza neno. Alipapasa bakuli la asali, akalisogeza upande wangu.

Alifariki nikiwa kidato cha pili, na uso wangu wa mwisho alioujua kwa macho ulikuwa wa mtoto aliyebebwa mgongoni. Mashine ya baba iliuzwa. Rubani tulimpoteza pamoja na namba yake. Kiwanja cha Mitundu, naambiwa, sasa ni malisho, na hakuna anayekumbuka kilikuwa cha nini. Mimi nimekua, nimesoma, nimezoea kupiga simu na kuuliza mambo yalivyo, na watu ni wakarimu, wananiambia kuzuri, njoo tu. Ninakata simu nikiwa sijatulia, nawaza nani kati yao amevua viatu akatembea mpaka katikati.

Barabara ya Itigi siku hizi wameiinua. Hata masika yakichachamaa, mtu anafika Mitundu siku hiyo hiyo. Ninaweza kwenda wakati wowote ninaotaka. Hakuna wa kunikataza.