Mama Mkwe Alivyobomoa Hekalu la Malta

Mwalimu wetu wa shule ya jioni alitaka kila mtu atengeneze mfano wa jengo la kale na kulieleza mbele ya darasa. Asiye na jengo, hana cheti. Nikachagua mahekalu ya mawe ya Malta, kile kisiwa cha Mediterania, maana yanazidi piramidi za Misri kwa umri, nami sipendi vitu vichanga.

Mawe ningeyatoa wapi huku ughaibuni, mtaani Rexdale? Nikasonga ugali, mgumu hadi mwiko ukaomba likizo. Ulipopoa nikachonga nguzo, milango, madhabahu, hata ile sanamu yao maarufu ya mama mnene aliyelala. Nikaliacha hekalu kwenye sinia mezani, nikaenda kuoga.

Kutoka, nikamkuta mama mkwe, aliyetutembelea kutoka Kitale, na bakuli la sukuma wiki. Upande mzima wa mashariki ulikuwa umekwisha.

"Mwanangu, ugali umeiva. Ila nani kaukatakata hivi? Panya?"

Sasa mkwe utamwambiaje aache kula? Kwetu afadhali umeze ulimi. "Karibu, mama," nikasema. Akajikaribisha nguzo mbili zaidi.

Nikajifungia chooni, nikampigia mke wangu kazini.

"Mama anakula hekalu!"

"Amefika wapi?"

"Madhabahuni!"

Akacheka hadi nadhani wagonjwa wote wa wodi yake walipona. "Mwambie."

"Mimi? Ni mama yako!"

"Na mtihani ni wa nani?"

Nikarudi, nikaanzia mbali. Nikamweleza mama habari za watu wa kale wa Malta, ambao hekalu lao nilitakiwa kulipeleka darasani jioni ile, walivyosukuma mawe mazito kama matatizo ya ukoo, wakajenga, kisha wakatoweka, na hakuna ajuaye kwa hakika kwa nini. Akatazama sinia: ukuta mmoja na yule mama mnene. Mkono ukasimama hewani.

"Yaani nimekula shule yako?"

Jioni ile alivaa koti langu kubwa, akapanda basi nami, sinia mapajani, hadi darasani. Mwalimu alipouliza hekalu liko wapi, mama akasimama.

"Mwambie nimelibomoa mimi. Asimwadhibu mtoto."

Mtoto mwenye mvi nikafasiri. Mwalimu alicheka hadi akafuta miwani, akasema nimepita: hata yale ya kweli hayakutufikia yakiwa mazima. Nikamfasiria mama. Akashusha pumzi, akaketi, akavuta sinia.

"Basi muulize kama naweza kumalizia huu ukuta."