Gauni la Pazia

Mwaka 2017 wifi yangu alinipa la kuchagua: nivae sare ya kitenge kama wanawake wengine wa familia, au yeye asimtoe binti yangu siku ya harusi. Kwa watu wa mume wangu, watu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa kutoka kwetu Kigoma, bibi arusi hatoki chumbani mpaka shangazi yake amshike mkono na kumpeleka kwa wakwe. Baba yupo, mama yupo, lakini kazi hiyo ni ya shangazi. Asipoifanya, maneno humfuata binti mpaka kwenye uzazi wake. Wifi alilijua hilo, na mimi nililijua. Nikavaa pazia.

Pazia ndilo jina walilolipa gauni langu kwa kunicheka, na kusema kweli kitambaa chake kilikuwa pazia. Nililipata katikati ya jiji kwenye marundo ya mitumba, pale wanapopaita dunusa, neno la Kizulu la kubong'oa, maana huwezi kununua kitu pale ukiwa umesimama wima. Nilikuwa natafuta nguo kuukuu zenye zipu nzima ili nizifumue. Mkono ukashika kitani kizito, nikavuta, na kelele zote za barabarani zikanitoka masikioni. Rangi ya chini ilikuwa bluu ya wino. Juu yake imetambaa michongoma yenye matunda meusi, na ndani ya michongoma wamejificha ndege wadogo wa kahawia, ndege wa kawaida kabisa, wale ambao hakuna mtu atakuita dirishani uje kuwaona. Nani alikaa akawachora kwa subira namna ile? Kwenye ukingo wa kitambaa palikuwa pamepigwa chapa jina la mwanamke, na kwamba kazi ile ni ya Uingereza.

Jina lile ndilo lililonichoma. Ninashona tangu nikiwa msichana Kigoma. Huku kusini mwa Afrika tulikohamia nimeshona Hillbrow, nimeshona Berea, nimevalisha maharusi na nimevalisha maiti, wala hakuna nguo hata moja duniani yenye jina langu. Mwenzangu huyu alichora ndege, na kiwanda kikaandika kwamba ni yeye. Sikumwonea wivu. Nilifurahi kuona kwamba mahali fulani jambo hilo liliwezekana.

Nikaenda maktaba ya jiji kutafuta zaidi. Mlinzi wa mlangoni aliniuliza kama nimekuja kufanya usafi. Nikamwambia nimekuja kusoma, nikapita. Kiingereza changu ni cha kupatana bei, lakini vitabu vile vilikuwa na picha kubwa za kazi za wasanii wa Kiingereza: vitambaa, karatasi za ukutani, vikombe, viti. Nilitafuta mahali ua linapoanza kujirudia. Kwenye kitenge fundi hupaona upesi, kwa sababu hapo ndipo anapopangia mkato wake. Kwenye michoro ile nilifuata shina kwa kidole, likanipeleka chini ya jani, nyuma ya ndege, nikajikuta nimerudi nilikotoka bila kujua nilivuka wapi. Nikacheka peke yangu, watu wakageuka. Watu wa nchi ya mvua wamechukua magugu ya nyuma ya nyumba zao, magugu ambayo mimi ningeyang'oa, wakayapa heshima namna hii! Niliondoka nikiwa nimeshaamua nitavaa nini harusini.

Wifi alikikuta kitambaa mezani kwangu. Kamati ya wanawake ilikuwa imekwisha kuchagua kitenge cha njano chenye picha za feni, na sehemu yangu ilikuwa imekunjwa kwenye kiti, haijaguswa. Aliuliza kama nimefilisika. Nilipomweleza, akasema sisi watu wa Kigoma tulitawaliwa na Waingereza na mpaka leo tunawaota. Nikamwambia waliomtawala yeye ni Wabelgiji, kwa hiyo aniachie Waingereza wangu. Hakucheka. Alisema wazungu wale walibeba kila kitu, na mimi nakaa kuwapigia makofi. Hata huyo mama wa ndege, aliniuliza, angeuona mshono wangu angeusifu?

Labda asingeusifu. Nilimwambia hivyo hivyo. Nilimwambia sikupenda serikali ya mtu, nimependa mkono wa mtu, na mapenzi yangu si mkopo ambao lazima mtu anirudishie. Kitenge nakipenda, kimenilisha miaka yote hii, na hicho cha feni kimetoka China kwenye kontena. Hakuna aliyeuliza kama Wachina wanasifu mishono yetu. Hapo ndipo alipotoa lile sharti lake. Mume wangu, aliyekuwa amekaa palepale, alikumbuka ghafla kwamba gari la jirani lina shida, akashuka kwenda kuliangalia.

Sasa sikiliza nilichokifanya, mimi fundi wa miaka yote hiyo. Nilikunja kile kitani ncha juu ya ncha, kama ninavyokunja kitenge chenye maua yanayotazama kila upande, nikakata mbele na nyuma kwa mkupuo mmoja. Nilipofungua, ndege wa kifuani walikuwa wamesimama vizuri. Wa mgongoni walikuwa wamening'inia miguu juu, kama kuku wanaopelekwa sokoni. Kitambaa kingine hakikuwepo. Nililia kwa hasira, nikajitukana kwa lugha zote ninazozijua, halafu nikashona. Nilishona vizuri kuliko nilivyowahi kushona kitu chochote, na wale wa mgongoni nikawaacha kama walivyo.

Siku ya harusi tulikuwa katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa kanisa, Berea. Wanawake wote wa njano, mimi bluu. Wifi alinizunguka polepole, akafika mgongoni, akagusa ndege mmoja kwa kidole. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hawa ndege wamekufa. Unavaa ndege wamekufa ku harusi ya mutoto?" Wanawake wakaguna. Nuksi, mmoja alinong'ona. Wifi akatoa kitenge mkobani, akanipa.

"Funga hii juu."

"Sifungi."

"Basi miye simutoe."

Aliweka mkoba wake sakafuni, akakaa kitini. Huko ukumbini nyimbo zilikuwa zimeanza, wakwe wamesimama wanasubiri. Niliogopa. Nasema kweli, niliogopa sana, na mkono wangu ulikuwa tayari unakifuata kile kitenge, kwa sababu mtoto ni wangu na siku ni yake. Nikamtazama binti yangu nipate ruhusa ya kushindwa.

Yeye amezaliwa Hillbrow. Tangu anaanza shule nilisema naye Kiswahili, akanijibu Kiingereza, na mbele ya ndugu za baba yake hukaa kimya asichekwe. Alisimama, akakusanya shela lake, akatafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo.

"Shangazi," akasema kwa Kiswahili, "mama anatosha."

Akaninyooshea mkono. Hakuna mwanamke katika ukoo ule aliyewahi kutolewa na mama yake, na wote mle chumbani walikuwa wanajua. Nilimshika. Tulipopita mlangoni nilisikia kiti kikisogezwa, na viatu vya wifi vikitufuata, kwa kuwa hakuwa tayari watu wa Uvira waseme shangazi hakuwepo. Ushoroba ule ni mwembamba, hauna nafasi ya mtu kumpita mwenzake. Hakuwa na pengine pa kutazama ila mgongo wangu, na mimi sikuharakisha.