Kiu ya Nyuzi za Baba

Enzi zetu kule Bahi, zamani za Mdachi, ugali ulikuwa wa uwele, mlenda ulivutika mpaka kiwikoni, na mtoto aliyempita mkubwa bila kumwamkia alirudishwa njia nzima akaanze upya. Hayo nayakumbuka kwa raha. Lakini ninyi wenzangu mnaokaa barazani mkisema, "Wakati wa Mdachi kulikuwa na adabu," mnanichefua. Adabu gani? Hebu ngojeni.

Baba yangu alikuwa fundi wa nyuzi za zeze. Alizisokota kwa utumbo wa kondoo nyuma ya tembe letu, na kunuka kulinuka, jamani! Mama alikuwa anamfukuza kila siku. Uzi uliochakaa baba hakuutupa. Aliulaza juu ya goti, akaparua manyoya yaliyochomoza kwa jani la msasa, kisha akaupaka mafuta ya nyonyo na kuuvuta kwa vidole mpaka ukalainika. Mimi, binti yake wa kwanza, ndiye niliyeshika kibuyu cha mafuta. "Huu haujafa," alikuwa akiniambia, "una kiu tu." Kwetu kiu ya uzi ni mafuta. Hata mtoto anayetambaa alijua.

Basi bwana mkubwa wa boma, Mdachi mwenyewe, alikuwa na zeze la kwao, refu kumpita mtu, tumbo kama lindo la kuwekea mtama. Lilipigwa likiwa limesimama, na nyuzi zake nene zilikuwa za utumbo vilevile. Zilipochakaa akaitwa baba. Siku tatu tulishinda pale bomani, yeye anaparua, mimi namwaga mafuta. Zeze lilipolia, lilinguruma mpaka nikalisikia kifuani. Baba alicheka! Akamwambia mkalimani, mtu wa pwani aliyekuwa anakivunjavunja Kigogo: "Zikianza kukwaruza tena, zina kiu. Zinywesheni."

Wakazinywesha. Maji! Walizivua wakaziloweka kwenye ndoo. Sasa uzi wa utumbo ukilowa unavimba na kufumuka. Siku ya sherehe ya bwana, wageni wameshakaa, nyuzi zikalegea kama mlenda.

Tukaitwa, tukaenda na kibuyu chetu. Baba akaeleza kwa Kigogo kwamba ni kiu ya mafuta, si ya maji. Mkalimani alimwelewa vizuri sana. Niliyaona macho yake yakitua kwenye kibuyu. Kisha akamgeukia bwana, akasema kwa Kiswahili, "Anakiri kosa lake." Kiswahili nilikuwa nimekiokota kwa wachuuzi wa Kondoa. Nikapiga kelele, "Mwongo! Baba kasema mafuta!" Askari akaniziba mdomo. Na bwana alinisikia, maana Kiswahili alikijua. Akatazama saa yake akasema, "Haya, anzeni."

Hamsa ishirini, fimbo ishirini na tano za kiboko. Nilizihesabu zote.

Baba alipona, lakini zeze lake hakuligusa tena. Likabaki limetundikwa ukutani, nyuzi zikaanza kuchanua manyoya. Siku moja nikamletea kibuyu. Nikamwambia, "Baba, zina kiu."

Hakugeuka hata kunitazama. "Ziache zife."

Siku hizi wajukuu zangu wanafunga waya wa breki ya baiskeli kwenye zeze, wanakwangua kama mtu anayesugua sufuria, halafu eti mafundi! Nawacheka, ila siwalaumu. Waya hauna kiu, na hakuna anayechapwa kwa ajili yake. Wa kulaumiwa ni ninyi mlioyaona kwa macho yenu, na leo mnakaa mkisifu. Mkianza tena hiyo habari ya adabu, msiniite barazani kwenu. Kibuyu kile ninacho mpaka leo, mafuta yake yamekuwa mazito kama utomvu. Nyuzi za baba zilikatika mmoja mmoja pale pale ukutani, na mimi nilikaa nazisikia.