Jino Lililobaki Hewani

Jino lile lilianguka wapi? Mpaka leo, mvi zikiwa zimeanza kunijia, siwezi kulijibu swali hilo. Sikuulizwa na mwalimu wala hakimu. Niliulizwa na mtu niliyefuatana naye kwa miguu kutoka mjini hadi Lavington, ikiwa kweli alikuwa mtu. Wala usidhani nakutungia. Yalinipata mimi, mwenye shahada yangu na akili zangu timamu, miaka michache baada ya Uhuru, nilipokuwa mtumishi wa serikali mjini Nairobi na mpangaji huko Riruta.

Nilikuwa na ndugu mmoja tu, kaka yangu Juma, dereva wa familia moja ya Kizungu huko Lavington. Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kuzikwa Mumias. Yeye alibaki nami, nami nikabaki naye. Jumamosi alfajiri ilikuwa amwendeshe tajiri wake hadi Mombasa, na barabara ile wakati huo ilikuwa ya vumbi na malori yasiyo na huruma. Usiku wa kuamkia Ijumaa nikaota jino langu la juu, la mbele, limelegea. Nikalisukuma kwa ulimi, likatoka kinywani. Nikaliona likishuka. Nikaamka kabla halijafika popote.

Kama hukupita madrasa, nikueleze. Maalim wetu alitufundisha kwamba katika ndoto meno ni jamaa: ya juu ni ya upande wa baba, na la mbele ni ndugu. Likidondokea mkononi mwako ni kheri. Likidondoka ardhini ni mauti. Akatufundisha pia kwamba ndoto ni kama kitu kilichofungwa mguuni mwa ndege: ikishafasiriwa, huanguka, yaani hutimia. Kwa hiyo ndoto mbaya haisimuliwi. Unatema mate kidogo kushoto mara tatu, unajikinga kwa Mungu, unageuza ubavu, unanyamaza. Na anayeongeza uongo katika ndoto yake, alisema maalim, amejitwika dhambi nzito kuliko anavyodhani. Chuo kikuu kilinizoeza kuyacheka haya. Niamini, siku ile ofisini sikucheka. Ulimi wangu haukubanduka kwenye lile jino.

Baada ya sala ya magharibi katika msikiti wa mjini, nikakata shauri niende Lavington nimsimulie Juma ndoto yote, nimzuie asisafiri. Nilipokuwa nikivaa viatu ngazini, mtu mmoja alikuwa akivaa vyake kando yangu. Kanzu safi, koti jeusi, na uso ambao nimejaribu mara nyingi kuukumbuka na kila mara unaniponyoka.

“Unakwenda Lavington, bwana msomi,” akasema. “Njia yetu moja.”

Nikadhani labda ni mtu anayemfahamu Juma. Tukaondoka pamoja. Alizungumzia mvua zilizochelewa, akazungumzia ubaridi wa Nairobi, kwa adabu na upole, mpaka tulipoyapita maduka ya Hurlingham yakifungwa, giza limekwisha kukaa chini ya miti.

“Hiyo ndoto ya jino,” akaniuliza, bila kunitazama, “umeshamsimulia nani?”

Sikuwa nimemsimulia mtu yeyote. Utasema hapo ningekimbia. Kwa nini sikukimbia? Nimejiuliza sana. Nadhani ni kwa sababu tangu alfajiri nilikuwa na kiu ya kuulizwa, na mwenye kiu haulizi kikombe ni cha nani.

“Nisimulie mimi,” akasema. “Mtu hamwendei nduguye na nusu ya ndoto.”

Nikamsimulia. Na kadiri nilivyosimulia ndivyo jino langu lilivyoanza kucheza. Si ndotoni tena. Nilikuwa macho, natembea, viatu vyangu vinalia kwenye kokoto. Tulikuwa tumefika penye nyumba kubwa. Mbwa wa Lavington hawakuwahi kumwacha Mwafrika apite kando ya ukuta bila kumfokea. Jioni ile hakuna aliyebweka. Nilisikia minyororo tu ikiburuzwa, wakirudi nyuma ya nyumba.

“Likaanguka wapi?”

“Sijui. Niliamka.”

“Unajua. Chini?”

“Nakwambia sijui.”

“Basi sema mkononi.” Akacheka taratibu. “Si unampenda nduguyo? Sema mkononi, aishi. Neno moja tu, bwana msomi. Nani atakushitaki?”

Akakunjua kiganja chake na kukiweka chini ya kidevu changu, kama mtu anayekinga tone la maji.

Hapo nikaelewa. Nikisema chini, nimemwua Juma kwa kinywa changu. Nikisema mkononi, nimeitilia ndoto uongo, na mkono uliokuwa ukingoja haukuwa wangu. Nikageukia kushoto, nikatema mara tatu, midomo nimeibana nikiogopa jino lisitoke pamoja na mate. Nikajikinga kwa Mungu. Kisha, kwa kuwa sikuwa kitandani nigeuze ubavu, nikageuza njia, nikashika ya Riruta.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya Juma, ya Juma mwenyewe, ikiniita kwa jina la utani ambalo yeye peke yake alilitumia: “Profesa! Wee Profesa! Lilianguka wapi?”

Sikugeuka. Usiku ule sikulala, na kabla ya alfajiri nilikuwa nimeamua: Juma sitamsimulia ndoto, wala sitamzuia.

Juma yu hai, ana wajukuu. Lakini kila anaposafiri jino langu hulegea, na akirudi hukaza; daktari wa meno amelitazama mara kadhaa asione kasoro. Ndoto ile haijaanguka bado, nami siwezi kusema nimewahi kutulia tangu siku ile. Nimenyamaza miaka yote hii. Leo nasema kwa sababu mwezi uliopita mwenzangu mmoja wa ofisini alinieleza habari za mtu mwungwana wa ngazini, aliyemwuliza kuhusu ndoto ambayo hakumwambia mtu. Basi nakuonya: ukiulizwa, nyamaza. Na nusu hii niliyokupa, tafadhali, usinimalizie hata kwa kukisia. Sema kheri, ufunge kinywa.

Ndivyo nilivyofanya mwenyewe. Kulipopambazuka Jumamosi ile nilikuwa Lavington. Juma alikuwa akifuta kioo cha gari.

“Haiya, Profesa! Umetoka Riruta na miguu saa hii? Mwenye nyumba amekufukuza?”

“Nimekuja kukuaga.”

“Kuniaga! Mimi naenda Mombasa tu, si Makka.” Akaacha kufuta, akanitazama. “Na hiyo uso yako iko namna gani? Umeota nini?”

Ulimi wangu ulikuwa nyuma ya jino, umelizuia.

“Kheri,” nikasema.

“Basi iwe kheri yetu sote,” akasema, akacheka meno yote nje, akaingia garini kwenda kumngoja tajiri wake mlangoni. Muda si muda wakaja, injini ikinguruma. Mlinzi alikuwa bado anajikokota na funguo. Nikazichukua, nikalifungua lango lile zito kwa mikono yangu miwili, nikasimama kando, na ndugu yangu akapita.