Komando Alitapika Kabla ya Mizani

Pikapu ya baba ilinuka vitu vitatu: dizeli, vumbi la mahindi na matapishi ya mbwa. Viwili vya kwanza tulivizoea, tena mimi nilivipenda, kwa sababu vilimaanisha baba amerudi salama kutoka Ruanda, ile ya wakulima mbele ya Vwawa, si nchi ya jirani, na mzigo umefika. Hicho cha tatu hakikuzoeleka. Mama alisugua kwa sabuni ya unga, akasugua kwa majivu, akaacha milango wazi jua la Mpemba lifanye kazi yake kutwa nzima, na jioni harufu ilikuwa bado imejikalia kwenye kiti cha mbele kama abiria mwenye tiketi. Nina hakika madereva wa malori waliokuwa kwenye foleni ya kuelekea mpakani walikuwa wakifunga vioo tukipita, na wale walikuwa watu waliokaa barabarani wiki nzima bila kuoga.

Mwenye matapishi alikuwa Komando. Baba alimnunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kwa mtu aliyeapa kwamba mbwa huyo aliwahi kumvua mwizi suruali na kuipeleka mwenyewe kituo cha polisi. Alikuwa mbwa mkubwa, mweusi, kifua kipana kama mlango wa ghala, na akibweka vifaranga vya jirani vilianguka chali. Kazi yake ilikuwa moja: kulinda mahindi. Baba alinunua mahindi kwa wakulima wa Ruanda, akayaleta sokoni Tunduma kuwauzia Wazambia, na kila alipogeuka kupatana bei, mkono wa mtu ulikuwa umeshatoboa gunia. Sasa Komando angekaa juu ya mzigo, na mwenye mkono wake auchunge. Hivyo ndivyo ilivyopangwa. Safari ya kwanza, kabla hata hatujafika kwenye mizani ya magari hapo hapo Mpemba, Komando alitapika. Akatapika tena kwenye kona za kuelekea Vwawa. Mpaka Ruanda alikuwa ametapika vitu ambavyo, kwa akili yangu ya miaka kumi, hakuna mbwa aliyewahi kuvila. Alishushwa miguu ikigongana, macho yamelegea, akalala chini ya gari kama gunia tupu. Jioni nyumbani alikuwa mzima, anakimbiza kuku.

Ikawa hivyo kila safari. Leo unaweza kucheka, lakini kwetu hapakuwa na aliyecheka, kwa sababu safari ya nne, Komando akiwa amelala hoi sokoni, gunia zima la mahindi lilibebwa mbele ya pua yake na hakuinua hata sikio. Baba alirudi nyumbani. Alikaa kwenye stuli, akavua kofia, akasema, "Huyu mbwa analishwa kitu." Mama akauliza, "Na nani?" Baba alizungusha macho uani, mlango hadi mlango, na mimi nikazungusha ya kwangu nyuma ya ya kwake. Tangu siku hiyo ua wetu ukawa na macho mengi kuliko watu. Mtu akipita karibu na sahani ya mbwa, anahesabiwa hatua. Mtu akiuliza, "Kesho mnakwenda Ruanda?" anaulizwa yeye, kwa nini anataka kujua. Mama alifunika ndoo za maji. Baba alianza kumnusa Komando mdomo kila asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia binadamu.

Mpangaji tulikuwa naye mmoja tu, Mama Tumaini, mjane aliyekaanga maandazi kando ya barabara kuu na kuishi chumba cha mwisho uani kwetu. Tumaini mwenyewe alikuwa mtu mzima na hatukumwona hata siku moja. Mama Tumaini alikuwa mpole, anasalimia mpaka watoto, na maandazi yake nilikuwa naweza kuyatambua nikiwa nimefumba macho na kuziba pua. Lakini alikuwa na makosa mawili. La kwanza, Komando alikuwa amemla tetea wake, naye alilia mbele ya watu. La pili, alikuwa ametokea Sumbawanga. Hilo la pili halikuhitaji maelezo. Mtu akishasema "wa Sumbawanga" kwa sauti ya chini, wenzake wanasikia uchawi, wanatikisa kichwa kama waliosomewa hukumu, na hakuna anayekumbuka kuuliza ushahidi uko wapi.

Ushahidi niliutafuta mimi. Nilijipa kazi ya upelelezi bila kuajiriwa, nikawa naamka kabla ya majogoo na kujibanza nyuma ya banda la kuni. Asubuhi ya tatu nikamwona. Mama Tumaini alitoka na kikopo amekificha ndani ya kanga, akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama na kumimina kitu cheusi cheusi kwenye sahani ya Komando. Mbwa akala huku mkia ukipiga ukuta. Saa mbili baadaye, pikapu haijafika mizani, akatapika. Sikungoja baba azime gari vizuri. Nilimweleza yote, na kwa sababu sijawahi kusimulia jambo likabaki na ukubwa wake, kikopo kikawa chupa, cheusi kikawa cha kijani, na Mama Tumaini akawa anatembeza midomo kama anayeongea na mtu asiyeonekana. Baba alinishika bega. "Umefanya vizuri, Sekela." Nilitembea wiki nzima na bega hilo moja likiwa juu kuliko lenzake.

Mjumbe wa mtaa aliitwa. Mama Tumaini akaketishwa kwenye mkeka, baba akasimama. Aliulizwa alichokuwa akimpa mbwa. "Rojo la dagaa, Baba Sekela," akasema. "Mbwa anakonda. Anatapika kila siku, nikamwonea huruma." Mama akauliza kwa nini basi alikuwa anaficha. "Wewe ulisema mbwa ale ugali wa dona mtupu, Mama Sekela. Niliogopa kusemwa." Baba akacheka bila kufurahi. "Mbwa alimla kuku wako, halafu unamwonea huruma?" Mama Tumaini akasema, "Kwani kuku alimla kwa kunichukia? Alikuwa na njaa." Nilimwona mjumbe akimeza kicheko, lakini uamuzi ulikuwa umeshafanyika kabla ya mkeka kutandikwa: anashirikiana na wezi wa sokoni, anamlegeza mlinzi ili mzigo uibwe. Akapewa mpaka Jumapili baada ya ibada awe ameondoa vitu vyake. Habari ilifika barabarani kabla yake. Kesho yake karai lake lilijaa maandazi mpaka saa sita mchana, yamepoa, na wanafunzi wenzangu waliyapita kwa mbali wameziba pua. Nami niliziba yangu. Mate yalinitoka, lakini niliziba.

Mama na baba sasa wakampikia Komando wenyewe, dona tupu, sahani inafungiwa kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Alhamisi wakasafiri naye. Akatapika pale pale. Ungedhani hapo mtu angejiuliza. Baba alijiuliza kweli, kisha akajijibu: "Dawa yake imeshamwingia mwilini."

Ijumaa alikuja bwana mifugo kwa pikipiki, anachanja mbwa wa mtaa dhidi ya kichaa. Mimi ndiye niliyeshika mnyororo. Nilitaka nitoke na jina la sumu, nilipeleke kwa baba, na bega la pili nalo lipande. Nikamwuliza, "Shikamoo, ni sumu gani inamfanya mbwa atapike akielekea Ruanda?" Akaniangalia. "Marahaba. Ruanda tu?" Nikasema na Vwawa pia, na sokoni, na popote baba anapokwenda. Akafungua mdomo wa Komando, akamminya tumbo, akauliza, "Akiwa hapa nyumbani?" Hapana. "Akitembea kwa miguu?" Hapana. "Akiwa garini, kabla hajatapika, anafanyaje?" Nikamwambia anapiga miayo, analamba midomo, udenda unamtoka mpaka unaweza kufulia, halafu analia kidogo kama mlango. Akafunga mkoba wake. "Mwite baba yako. Mbwa wenu anaumwa gari."

Baba alimtazama kama mtu anayeuziwa mbuzi kwenye gunia. "Mbwa anaumwa gari? Bwana mifugo, huyu si bi harusi." Bwana mifugo akasema wako wengi tu, hasa wasiozoea, tumbo likijaa ndiyo mbaya zaidi, na siku ya kwanza wakiumwa, siku ya pili wanaanza kuogopa gari lenyewe. Baba akauliza nani amemtuma. Ndipo Mama Tumaini, aliyekuwa anafunga godoro lake kwa kamba, akatoka chumbani. Alikuwa na bakuli la ugali na lile rojo la dagaa. Akachota tonge, akala. La pili, akala, akalitafuna taratibu huku anamtazama baba. Kisha akainama, akamwekea Komando bakuli na kilichobaki, na Komando akalisafisha mpaka likawa na rangi ambayo hatukujua linayo. "Sasa atembee," Mama Tumaini akasema. "Kwa miguu mpaka sokoni. Akitapika, sisubiri Jumapili."

Tulitembea. Baba mbele, Komando na mnyororo mkononi mwangu, Mama Tumaini nyuma, na nyuma yake watoto, kwa hesabu yangu nusu ya mkoa. Kila mbwa aliposimama kunusa, msafara wote ulisimama kumtazama mdomo. Nilijikuta nataka jambo ambalo bado naona aibu kuliandika: nilitaka atapike. Kidogo tu. Kwa sababu kama hatatapika, basi mimi ndiye niliyeona chupa ya kijani isiyokuwepo. Hakutapika. Alifika Tunduma anabweka, akamfukuza mbuzi wa watu, akakojolea kila gurudumu la lori lililosimama. Jioni hiyo hiyo, baada ya kumpumzisha nyumbani, baba akampakia kwenye pikapu, akawasha, akaondoka naye. Kabla ya mizani alikuwa ameshatapika. Tulisikia pikapu ikigeuza.

Baba alizima gari, akabaki ameshika usukani. Hatimaye akashuka, akasimama mlangoni kwa Mama Tumaini. "Mama Tumaini, fungua hilo godoro," akasema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yote. Akaenda kuosha gari.

Aliyemfundisha Komando gari ni Mama Tumaini, kwa maelekezo ya bwana mifugo, na mimi nikiwa pembeni yake, naongea sana kuliko kawaida ili asipate nafasi ya kuniuliza kitu. Tulianza na pikapu iliyozimwa. Tulipanda, tukakaa, tukampa kipande kidogo cha nyama, tukashuka. Siku nne hivyo hivyo, watu wanapita wanasema tumeingiwa na wazimu. Kisha injini ikiwaka lakini gari limesimama. Kisha baba akatupeleka mwisho wa njia na kurudi. Siku ya safari Komando hakupewa chakula asubuhi, maji tu. Alikaa juu ya kiti cha mbele badala ya kubanwa chini miguuni kwenye magunia matupu, amegeuzwa aone barabara, kioo kimeshushwa apate hewa. Alipoanza kulamba midomo, Mama Tumaini aligonga dashibodi, baba akaegesha bila kubisha, mbwa akashushwa, akatembezwa kidogo, akarudishwa. Tulisimama mara nyingi kiasi kwamba wauza ndizi wa Vwawa walianza kutusalimia kwa majina. Mwezi haukuisha kabla Komando hajafika Ruanda na tumbo lake lote, akashuka, akapanda juu ya magunia, na kubweka kwa namna ambayo nina hakika ilisikika mbali mpaka Mkwajuni. Baba alipiga makofi. Mama Tumaini naye alicheka, mara ya kwanza tangu siku ya mkeka.

Wiki iliyofuata alihama. Mama alimsihi, akampelekea hata sukari. Alisema amepata chumba karibu na ndugu wa marehemu mumewe, na kwamba hana kinyongo. Aliniachia maandazi matatu kwenye karatasi. Niliyatazama sana kabla ya kuyala, na sijui hata leo kama nilichokuwa natazama kilikuwa aibu au bado nilikuwa nachungulia kama yana kitu.

Sasa ninaishi Tunduma, nina kigari changu na mbwa wangu, jike mmoja mwoga ambaye naye aliumwa gari. Nilimfundisha kwa mwezi huo huo mmoja, na mume wangu akadhani nimesomea. Siku hizi jambo kama lile unaiuliza simu na inakujibu kabla hujamaliza kuandika. Lakini mwaka jana mbwa watatu wa mtaa wetu waliugua, na kwenye kundi la simu la wakazi, hata kabla ya mtu kumwita daktari wa mifugo, jina la mpangaji mmoja mgeni lilikuwa limeshaandikwa, na picha ya mlango wake imewekwa. Niliandika kuwa tungoje. Nikaulizwa nimetumwa na nani.

Wiki hiyo nilimtafuta Mama Tumaini. Nilimpata Vwawa, mzee sasa, na duka dogo la unga. Alinikaribisha chai, akacheka habari za mbwa mpaka akashika mbavu. Nikamwambia nilichokuwa nimekibeba: "Mama, aliyesema ile habari ya chupa ni mimi." Akakoroga chai yake. "Najua, mwanangu. Ulikuwa mtoto." Akanywa kidogo. "Baba yako ndiye aliyekuwa mtu mzima."

Nilimfikishia baba maneno hayo kama yalivyo, bila kuongeza hata moja, na sidhani kama kuna siku nyingine nimewahi kufanya hivyo. Alivua kofia, akaivaa, akauliza duka lenyewe liko sehemu gani ya Vwawa. Nikamwelekeza. Hajaenda bado. Lakini kila Jumamosi ananipigia simu, anauliza hali ya watoto, anauliza hali ya barabara, halafu anauliza kama kwenye gari langu kesho kutakuwa na nafasi ya kufika Vwawa.