Mifumo Ilisomana, Pweza Wakaoza

Mwaka 2022, nikiwa na miaka sitini na sita, ndipo mambo yangu yalipoanza kuharibika. Kabla ya hapo nilikuwa mtu. Nasema bila kuona haya: darasa la tatu sikulimaliza, lakini nilianza na karai moja la pweza wa kukaanga pale Mingoyo, njia panda, mpaka nikawa na chumba cha baridi Lindi mjini na gari la mzigo. Hakuna aliyenishika mkono. Waliosoma walikuja kuniomba kazi.

Pweza tulikuwa tunawachukua kijijini Sudi. Mpokeaji wangu kule alikuwa shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo. Akina mama wakitoka miambani maji yakiwa yamekupwa, yeye anapima, anatia barafu, ananipigia simu. Mimi nampigia dereva, mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Anakwenda, mzigo unaingia chumba cha baridi, halafu tajiri wa Dar es Salaam, mnunuzi wangu, analeta gari lake. Kazi yote ilikwenda kwa mdomo. Na ilikwenda.

Mwaka huo tajiri akasema simu basi. Wateja wake wa nje wanataka kila mzigo uwe na picha na kibali, viingizwe kwenye mfumo. Akamleta binti wa kompyuta, mtu wa adabu kabisa, akatukalisha juu ya makreti akatueleza. Kulikuwa na vitu viwili. Kimoja ni mfumo wa kupeleka mafaili: shemeji akishapiga picha ya mzigo na kibali, anavirusha huko. Kingine ni ubao wa kazi ndani ya simu, ambao sote tunauona. Yeye ameviunganisha, visomane. Faili likiingia tu, kazi inazaliwa yenyewe kwenye simu ya dereva: nenda Sudi kachukue mzigo. Akishaufikisha Lindi anabonyeza tiki ya kijani, kazi inafutika, na Dar wanaandikiwa kwamba mzigo uko kwenye baridi.

"Kwa hiyo mjomba hatanifokea tena?" mpwa wangu akauliza.

"Simu yenyewe itakukumbusha mpaka ubonyeze," binti akamwambia.

"Lo! Basi mjomba kapata mwenzake."

Tukacheka. Mimi pia nilicheka.

Sasa sikiliza palipoharibikia. Kwangu mimi, mkubwa akikuita unaitika pale pale, hata kama una tonge mdomoni. Nimewalea hivyo wote, na asiyeitika ananijua. Na zile kazi kwenye simu zilikuwa zinatoka na jina langu juu, maana biashara ni yangu. Binti aliweka hivyo kwa heshima. Basi mpwa wangu akiona jina la mjomba limetokea, anabonyeza tiki. Ameitika. Ndipo anawasha gari. Shemeji naye akiona kijani anasema, kijana kaitika, yuko njiani. Na mimi hivyo hivyo. Binti alitwambia tiki ni mwisho wa kazi, tulimsikia vizuri. Lakini nani angemwacha mjomba wake anaita juu ya kioo, amekaa kimya kama hajalelewa?

Mwanzoni haikuleta shida, kwa sababu alikuwa akiitika anaondoka. Likaja bamvua moja, maji yakakupwa mbali, pweza wakatoka kama wamefukuzwa. Shemeji akarusha faili. Mpwa wangu alikuwa anatoka Kilwa Masoko na mzigo mwingine, springi imekatika, yuko chini ya gari. Akapangusa grisi kwenye suruali, akabonyeza. Alipofika Lindi na kushusha, akatazama ubao: hauna kazi. Akaenda kuoga. Zamani ningempigia. Lakini kijani nilikiona, na simu tulikatazwa.

Asubuhi gari la tajiri likafika, mzigo wa Sudi haumo chumbani. Akanipigia mwenyewe.

"Mzee, mfumo unasema mzigo wa Sudi umeingia. Uko wapi?"

"Uko Sudi."

"Uko Sudi vipi na umeingia Lindi?"

Nikakata simu. Nikaenda Sudi. Shemeji alikuwa amewafunika kwa magunia yaliyoloweshwa, barafu imekuwa maji. Ngozi za pweza zilikuwa nyekundu na zinabanduka ukizigusa. Akina mama wamesimama pembeni na mikuki yao.

"Mwambieni yule binti alete simu yake tuipike," mmoja akasema. Hakuna aliyecheka.

Tajiri hakulia na pweza. Alilia kwamba nimemfanya mwongo kwa wateja wake, maana walishaandikiwa. Binti akanipigia, akaniuliza taratibu, nikamweleza. Akaelewa haraka. Akasema inawezekana kuweka kitufe kingine, cha kuitikia tu, kisichofunga kazi. Siyo kazi kubwa, ila lazima tajiri akubali. Tajiri akasema mfumo hautabadilishwa kwa ajili ya watu wa Lindi wasiotaka kujifunza.

Tukajaribu bila kitufe. Mpwa wangu akaacha kubonyeza mpaka ashushe. Jina langu linakaa pale kioo kikilia, yeye anaendesha kimya. Siku ya kwanza nilivumilia. Ya pili nikamwita.

"Nimekuita, umenyamaza."

"Mjomba, nikiitika naharibu mzigo. Nikinyamaza nakukosea wewe. Nifanye lipi?"

Nikamwambia aitike. Mpaka leo nasema vile vile. Sikujenga kila nilichojenga ili nije nisiitikiwe na mtoto wa dada yangu kwa amri ya mashine.

Akaitika, kazi ikafutika kabla hajaenda, mzigo ukaoza tena. Safari hii tajiri hakupiga simu. Jina langu liliondolewa tu kwenye ubao, tukafungua simu tukakuta hakuna kitu. Umeme wa chumba cha baridi ulinila miezi kadhaa nikingoja mnunuzi mwingine. Kila aliyekuja aliuliza kwanza kama nina mfumo. Gari nikauza. Mpwa wangu yuko Dar anaendesha bodaboda, hapigi simu. Shemeji bado anapokea pweza Sudi, kwa mtu mwingine, na anabonyeza inavyotakiwa. Simlaumu, ana watoto. Tukikutana msibani tunasalimiana.

Leo nina hivi: nyumba moja ya tofali, nyuma haijapigwa lipu. Mikorosho kidogo kule Milola, imezeeka. Baiskeli. Mizani ya kuning'iniza. Makreti ya plastiki, nimeyapanga ukutani. Chumba cha baridi kisicho na mashine. Mashine nimeuza, mlango upo.